Kiua Kisichotobolewa

Kofia ilinitazama kutoka kwenye kabati la kioo,
duka la Mahbub, Matrah, uchochoro wa pili
ukishawapita wauza ubani.
Ishirini zimepangwa, zimevimbishwa kwa karatasi,
riali moja na nusu kila moja,
na kila moja imebeba ua langu.

Sikusema kitu. Nilihesabu kwanza,
kama mtu ahesabuye chenji aliyopewa na asiyemwamini:
majani manane, mkufu wa viua ukiyazunguka,
kisha safu ya tatu, upande wa sikio la kushoto,
pale panapotakiwa viua saba.
Sita.

Nikarudia kwa ukucha. Sita.

Hili hulijui wewe usomaye, Mahbub naye halijui:
usiku ule, Sib, kiyoyozi kimezimika,
sindano yangu ilikuwa inatoka kiua cha sita
Mama akakohoa chumba cha pili.
Nikaiweka kofia juu ya mto, nakuja sasa hivi.
Nilipoishika tena, miezi minne ilikwishapita
na moshi wa udi wa matanga ungali kwenye kitambaa.
Nikaanzia safu ya nne. Pale sikuweza kupagusa.
Kaka yangu Hilali akaivaa harusini, akapigwa picha,
picha ikaenda ziendako picha.

Kumbe kuna mashine mahali, mji nisioujua,
imeikalia picha ile kwa adabu kuliko mwanafunzi yeyote.
Imefuata kila tundu. Na pasipo na tundu
imepita kimya, bila kuuliza pana nini.
Mara elfu kwa siku inamruka mama yangu.

"Ua hili umelipata wapi?"
"Kwenye katoni, Mama," akasema Mahbub, wala hakuwa na hila.
"Linakuja kwenye katoni."

Mwizi. Neno lilishafika kwenye meno.
Ila na mimi nina mambo yangu.

Nina miaka kumi na mmoja, mchana, Shangazi Thuwaiba kalala,
kofia yake pajani, mdomo wazi.
Nimeitandaza juu yake karatasi ya kufungia halwa,
ina mafuta, inaonesha,
naliiba ua lake kwa penseli, jani kwa jani.
Na lake lenyewe, walisema wambea,
alilitoa kwenye mfuko wa kanzu ya Durbibi, Mbaluchi wa jirani:
alikwenda kuazima kinu
akakaa kutwa nzima akiitazama nguo ya mwenzie,
akarudi bila kinu.
Durbibi alilitoa wapi, huko sikufika.

Shangazi akafumbua jicho moja.
Kofi likatua juu ya mkono wangu, la kweli, penseli ikaruka.
Halafu mkono uleule ukaushika wangu,
ukalinyoosha jani nililolipinda,
ukakaa juu ya wangu hadi alasiri, unanuka kitunguu.
Kofia yangu ilianza na kofi.
Mashine haijapigwa.

Nilinunua moja. Mahbub alinipunguzia baisa mia,
akidhani nimeipenda.
Nyumbani, chini ya taa, nikachukua mwiba wa mtende
nikakitoboa kiua cha saba, nikakizungushia uzi wangu.
Haya, ya kwao imetimia. Waende nayo.
Pengo si la kuuza.

Jana Ibtihali, mtoto wa mlango wa tatu,
kanikalia ubavuni, kainua simu aipige picha kazi yangu.
Nikamchapa. Kidogo tu.
"Weka hiyo. Lete mkono."
Akafika safu ya tatu, akahesabu, akaniuliza
kama na yeye aache kimoja palepale.

"Hapana," nikamwambia. "Wewe toboa vyote.
Chako utakiruka siku yako ikifika."